Ng'ombe wa Ulaya Niliowarekodia Mama

Mama yangu alipoambiwa kwamba nakwenda Ulaya kutazama picha, aliuliza swali moja tu.

"Mu zile picha, kuko ng'ombe?"

Nikamwambia sijui, sijawahi kuziona.

"Bon. Basi uniangaliliye."

Alikuwa mtu wa milima ya Kivu Kusini, kule juu ambako mwenzako anaweza kukuuliza habari za ng'ombe kabla ya habari za watoto na wala usikasirike. Ng'ombe wetu wenyewe vita vilishawamaliza zamani. Tangu tuhamie Amerika aliwaona kwenye dirisha la gari tu, njiani kati ya Columbus na Buffalo, kaka yetu mkubwa anapokuja kumchukua ampeleke kwake. Kaka alilazimika kupunguza mwendo, magari yakimpigia honi kwa nyuma, ili mama atoe maoni yake. Kwa kawaida hayakuwa maoni mazuri. "Bamebakata pembe," alisema. "Sasa atajua je kama yeye ni ng'ombe?"

Safari yenyewe haikuwa ya kwangu. Ninakaa Louisville, upande wa Iroquois, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Mmoja wa wazee wangu alikuwa bibi wa Kizungu aliyefundisha uchoraji maisha yake yote. Magoti yalipomkatalia, aliamua kwamba kabla hajafa lazima azione tena zile picha alizokuwa akiwaonyesha wanafunzi wake vitabuni. Watoto wake hawakuwa na nafasi. Mimi nilikuwa na mikono miwili na pasipoti. Ndivyo nilivyozunguka Uholanzi, Paris, Florence na Roma kwa siku kumi na sita nikisukuma kiti cha magurudumu, na nadhani hakuna mtu wa milimani kwetu anayezijua lifti za makumbusho ya Ulaya kama mimi.

Mama alikuwa akikaa kwa dada yangu, Columbus, kule Linden. Masikio yake hayakuwa mazuri. Simu ya moja kwa moja ilimtesa, maneno yalimpita kabla hajajua ni nani anayesema. Lakini ukimrekodia sauti, dada anamwekea simu sikioni, anairudia mara tatu, mara nne, mpaka ashibe. Kwa hiyo tulipatana hivi: kila siku nikitoka kwenye picha namrekodia mama, dada anamsikilizisha, halafu ananirudishia jibu lake. Mimi na maneno ni kama samaki na maji. Sikuona shida yoyote katika mpango huo.

Amsterdam ilinishangaza kwa nyumba zake zilizoinamiana, kama watu wanaotoka harusini wakishikana mabega. Baiskeli za pale zingeweza kumuua mtu na mwenyewe akaomba radhi. Ila ng'ombe hawakuwa wengi. Ng'ombe tulimkuta mji wa jirani, Hague, fahali mzima ukutani, mkubwa kama fahali wa kweli, nzi wakimzunguka na mavi yamechorwa kwa heshima zote. Nilifunga breki za kiti cha bibi, nikasimama pale nusu saa. Nilimwelezea mama kila kitu: pembe, mabega, rangi, macho, ng'ombe jike aliyelala mbele, na mwanamume mmoja nyuma ya mti aliyekuwa akitutazama sisi badala ya mifugo yake.

Jibu lilikuja siku hiyo hiyo, kwa sauti yake mwenyewe, ikikwaruza kidogo.

"Iyo muchoraji ni muongo. Pembe ni ya kijana, shingo ni ya muzee. Alichanganya ng'ombe mbili. Na uyu mwenye ng'ombe, anaangalia batu juu ya nini? Bataiba!"

Nilimtafsiria bibi. Alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji. Aliniambia kuna wataalamu walioandika kurasa na kurasa kusema hayo hayo, kwamba yule fahali ameunganishwa kutoka kwa wanyama wa umri mbalimbali. Mama yangu hakuingia darasani hata siku moja, na alikuwa amelijua jambo hilo kwa sikio akiwa Linden, Columbus. Nilitembea wiki nzima kifua mbele.

Paris. Paris kuna mwanamke mmoja mdogo anayetabasamu ndani ya kioo, na umati mbele yake ni ule wa siku ya mgao wa chakula kambini, tulipokuwa wakimbizi: watu wanasukumana, wanainua mikono, wengine hata hawajui kinachogawiwa. Kiti cha magurudumu kilitupitisha mbele kabisa. Nilimtazama kwa makini, maana sijui kama tutaonana tena. Anatabasamu kama yule mpokezi wa ofisi ya uhamiaji anayejua jibu la faili lako ila ameambiwa asikuambie. Bibi aliniuliza nimemwonaje. Nikasema huyu mama anaficha jambo. Bibi akasema wengi wanasema hivyo.

Baada ya hapo bibi alitaka kwenda msalani, na kwa kuwa alikuwa mtu wa staha, alikataa nimsindikize ndani. Mhudumu wa kike alimchukua. Nilikaa kwenye benchi nje. Siku mbili nilikuwa sijapata jibu la mama. Simu ikalia, ujumbe wa dada, wa kuandikwa safari hii: "Mama anakusalimia sana. Anasema uendelee na zile ng'ombe zako. Amechoka kidogo, analala." Nilifurahi kama mtoto. Nikarekodi papo hapo habari za Bethlehemu ya Wazungu: mtoto Yesu mnene, malaika wanene, punda mnene, na nyuma ya hori dume mmoja wa ng'ombe aliyekonda, mbavu nje, kana kwamba yeye peke yake ndiye aliyewalisha wote hao. Nilicheka mwenyewe nikirekodi. Mzungu mmoja kwenye benchi la pili alihama.

Florence ndiko nilikoaibika. Mimi ni mwanakwaya, na wa sauti ya nne, na pale kuna kijana mmoja wa jiwe, mrefu kuliko mlango wa kanisa letu, hana hata taulo. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: bibi yangu, mwenye miaka themanini na kitu, akasema nimzungushe polepole aone pande zote. Nilizunguka huku nikitazama magoti. Magoti yake nayajua vizuri sana hata leo, ukiniuliza.

Siku ya pili pale nilikuta kuzaliwa kwa Yesu kwingine, na ng'ombe wa humo alikuwa tofauti. Alikuwa ameinamisha kichwa anampulizia mtoto pumzi, kama wanavyofanya kweli usiku wa baridi kule kwetu. Wale wafalme watatu walikuwa wakijionyesha kofia zao. Ng'ombe tu ndiye aliyejua kwamba mtoto anasikia baridi. Nilirekodi kwa sauti ya chini, bila utani. Bibi, ambaye haelewi neno moja la Kiswahili, alinyoosha mkono akaushika wangu, akaushikilia muda mrefu, machozi yakimlenga. Nikasema moyoni: sanaa ina nguvu, kumbe walimu hawatudanganyi.

Jibu lilikuja jioni. "Mama anasema iyo ng'ombe ni nono, ni muzuri sana. Mungu akubariki."

Nono. Mama yangu hakuwahi, tangu nimjue, kumsifia ng'ombe unene. Unene ni habari ya mchinjaji. Yeye aliuliza pembe, aliuliza macho, aliuliza ndama yuko wapi na nani anakamua. Tena mimi nilikuwa sijasema popote kwamba ng'ombe yule amenona. Niliisoma mara mbili na nikaona kitu hakijakaa sawa, kama jiwe dogo ndani ya kiatu. Lakini nilikuwa nimependezwa na ile "muzuri sana", kwa sababu mama hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Mtu akitaka sifa hukosa macho. Nikaendelea na safari.

Roma nilirekodi mengi kuliko kote. Habari za maji yanayomwagika barabarani mchana kutwa bila mtu kuja na dumu. Habari za dari moja iliyochorwa watu mpaka pembeni, ambayo ilibidi nimlaze bibi nyuma kwenye kiti chake kama anayeoshwa nywele saluni ili aione, huku walinzi wakipiga kelele kwamba watu wanyamaze. Nilimwambia mama kwamba kwenye dari yote ile, sehemu niliyoweza kuiona, Mungu kaumba mtu, kaumba jua, kaumba mwezi, na sikuona ng'ombe hata mmoja, kwa hiyo kazi haijaisha. Jibu: "Mama amecheka mpaka machozi."

Wakati dada anaandika maneno hayo, mama alikuwa amekufa siku sita.

Niliambiwa Louisville. Niliposhuka uwanja wa ndege nilimkuta mke wangu, akanikumbatia kwa muda mrefu kuliko siku kumi na sita zinavyostahili, nikajisifu. Nyumbani nilikuta viatu mlangoni mpaka kwenye ngazi. Wanakanisa, wazee, wanakwaya, akina mama jikoni wakitoa vyakula. Kwetu msafiri akirudi watu huja kusikia habari, lakini sikuwahi kuona umati ule. Nikadhani sifa zangu zimevuka mto Ohio. Nilipewa maji ya kunawa. Nilipewa ugali na sombe, yaani kisamvu, na nyama, nikala nikashiba, hakuna aliyenikatiza. Binti yetu wa miaka kumi alisimama mlangoni ananitazama, nikamwita, akajibu kitu kwa Kiingereza kisichosikika, na mama yake akampeleka chumbani haraka.

Basi nikasimama. Mimi ukinipa kikombe cha chai na watu watano nasimama, sembuse nyumba nzima. Niliwapa Ulaya yote. Niliwapa baiskeli, nikawapa mwanamke wa tabasamu, nikawapa kijana wa jiwe na magoti yake, nikizunguka katikati ya sebule nikisukuma kiti kisichokuwepo. Na walicheka. Hilo ndilo nisilolisahau. Walicheka kwa adabu, wakichelewa kidogo, kama watu wanaosubiri kutafsiriwa. Nilipofika kwa yule dume wa Bethlehemu mzee mmoja alitoa leso akafuta macho, nami nikamnyooshea kidole nikasema, "Mumuone muzee! Nimemuliza na kicheko!"

Mchungaji akasimama.

"Ndugu yetu, tunashukuru umerudi muzima. Umekula, umekunywa. Donc, sasa ikala chini. Kuko habari ya Mama."

Desturi hiyo naijua. Nimeshawahi kuifanya mimi mwenyewe. Mtu aliye mbali, aliye peke yake, aliye na mzigo mkononi, haambiwi msiba kwa simu; anasubiriwa afike, anawe, ale, akae katikati ya watu wake, ndipo anaambiwa, ili akianguka wawepo wa kumshika. Kambini tulimficha jirani yetu kifo cha mkewe kwa siku mbili mpaka arudi kutoka hospitali ya mji. Nilikuwa mmoja wa waliomchekea. Nilidhani ni wema, na huenda ulikuwa wema. Sasa nilikuwa nimekaa kwenye kochi langu mwenyewe, mikono ya watu mabegani, nikiwatazama mmoja mmoja nikiwaza: huyu alijua, huyu alijua, huyu alicheka na alijua. Mke wangu alijua. Nilikuwa nimemtumia picha za madaraja, akanijibu kwa vimoyo.

Kesho yake bibi alipiga simu, analia. Naye alijua. Dada yangu alikuwa na namba yake kwa ajili ya dharura, akampigia Florence, akamsihi asiseme, ni desturi yetu. Bibi aliniambia kwamba kwao angeniambia saa ile ile na kunikatia tiketi, lakini alihofia kuvunja kitu asichokielewa. Kwa hiyo ule mkono alionishika mbele ya hori haukuwa kwa sababu ya sanaa. Mtu niliyemvalisha soksi kila asubuhi alijua kabla yangu kwamba sina mama. Nilimwambia asante, nikakata simu, nikapiga teke kapu la nguo.

Tulikwenda Columbus kumwona. Amelala vizuri, wamemvika kitambaa chake cha kichwa cha rangi ya maziwa. Kutoka pale tukaenda Buffalo kumzika, maana ndivyo alivyotaka. Alisema baridi ya Buffalo ina adabu, inafanana na ya milimani, siyo ile ya Columbus inayobadilika kama mwanasiasa. Njiani tulipita kwenye yale mashamba. Kaka, aliyekuwa akiendesha, alipunguza mwendo bila kuambiwa. Ng'ombe walikuwapo, wengi, hawana pembe.

Nataka niseme ukweli: mpaka anaingia kaburini, nilikuwa nimeshaanza kuwasamehe. Nilikuwa na hasira, lakini ilikuwa hasira yenye mlango. Nilijiambia walifanya kama tulivyofundishwa, na mimi nilikuwa na mzee wa watu mikononi, na tiketi zetu mbili zilikuwa zimekatwa pamoja, na kaka mkubwa alishasema nisiambiwe. Hata yale majibu ya uongo, ile "nono" na ile "amecheka mpaka machozi", nilianza kuyaona kama chakula ambacho dada alinipikia akiwa mwenyewe hana hamu ya kula. Alikuwa mdogo tulipoondoka milimani. Angejuaje ng'ombe anavyosifiwa?

Baada ya mazishi, nyumbani kwa kaka, wageni wakiwa wamepungua, dada aliniita jikoni. Alikuwa anaosha vikombe ambavyo vilishaoshwa.

"Kuko kintu moya sikukuambia," akasema. "Ile siku ulikuwa Paris."

"Mama alikuwa angali muzima," nikasema.

"Ndiyo. Alikuwa ku hospitali tayari. Aliongea. Miye nilirekodi juu nikutumiye, kisha nikasikia sauti yake vile imekuwa, nikaogopa. Nikasema ukiisikia, utaacha yule bibi ya batu huko."

"Ningemuacha."

"Njo ile nilijua, utamuacha."

Nilimwuliza mama alisema nini. Alikausha mikono, akatafuta kwenye simu, akaiweka mezani kati ya sukari na mkate. Sauti ilikuwa nyembamba, pumzi nyingi kuliko maneno, lakini ilikuwa yake.

"Mwana wangu. Ng'ombe ya bale bazungu imetosha. Sitaki tena ng'ombe. Minataka nikusikiye weye. Unipigiye."

Dada alikuwa analia. Alisema alitaka kunilinda, kaka naye alikubali, hata mchungaji alikubali, na tangu lini penye wengi pakaharibika neno. Kwetu kuna desturi ya kumficha mtu kifo. Sijawahi kusikia, milimani wala kambini wala hapa Amerika, desturi ya kumficha mtu mama yake aliye hai. Mgeni hawezi kukufanyia hivyo, hana njia. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yangu nilikuwa nimeifuma mwenyewe, kwa mpango wangu wa kurekodi, kwa raha yangu ya kusikia kwamba nimechekesha.

Nilimwambia anitumie ile sauti. Akanitumia. Ilipofika nikamwomba simu yake tena, kwa sababu nilitaka kuona saa aliyoirekodi. Ilikuwa imeandikwa pale chini. Halafu nikafungua kwenye simu yangu ujumbe wake wa siku ile, ule wa "anasema uendelee", nikatazama na saa yake. Vilipishana dakika nne.

Kwa hiyo mama alisema nimpigie, na dakika nne baadaye nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya choo cha wanawake, bibi yuko ndani na mhudumu, sina kazi yoyote, simu iko mkononi na chaji imejaa, namrekodia dume aliyekonda.